Kwa Nini Dereva Hurudi Rivasi

Hebu mtazameni dereva wa matatu akiegesha kati ya magari mawili. Gari haliendi kiubavu kama kaa, ati! Basi hurudi rivasi, akakata usukani, akasonga mbele, akarudi tena.

Mwaka wa 1983 Profesa Roger Brockett wa Marekani alithibitisha jambo la ajabu. Kanuni itazamayo tu mahali gari lilipo, na kubadili amri taratibu bila kuruka, haiwezi kulituliza kituoni kutoka kila upande. Kwa kanuni itazamayo mahali tu, lazima pawe na mpaka ambapo amri yageuka ghafla: huku mbele, kule nyuma. Taabu ni kwamba roboti isiyoona vyema, ikifika mpakani, huweza kutetemeka tu: mbele, nyuma, mbele, nyuma.