UFAGIO KWENYE BARAFU: SOMO KUTOKA KWA WANAWAKE WA KANADA

Leo nataka tusome pamoja habari za mchezo ambao hapa shuleni hakuna aliyewahi kuucheza, nami mwenyewe sijawahi kuugusa. Unaitwa kalingi.

Niliuona mara ya kwanza katika runinga ya kinyozi mtaani kwetu, nilipompeleka ndugu yangu mdogo kunyolewa. Wasichana wawili walikuwa wakikimbia mbele ya jiwe, wakisugua barafu kwa fagio kama watu ambao mgeni yuko mlangoni na nyumba ni chafu. Kibanda kizima kiliangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Kumbe hata huko ng'ambo kazi ya mwanamke ni kufagia tu!" Nami nikacheka. Lakini baadaye nilipousoma mchezo huo vizuri, niliona kwamba nilikuwa nimecheka kitu nisichokijua.

1. Mchezo wenyewe

Kalingi huchezwa juu ya barafu, kwenye njia nyembamba yenye urefu wa mita 45 hivi. Kabla ya mchezo, barafu hunyunyiziwa matone ya maji ambayo huganda yakawa vipele vidogo vidogo, ili jiwe liteleze vizuri. Jiwe ni la graniti, lina kishikio juu, na uzito wake ni kati ya kilo 17 na 20. Wewe unayeteka maji kwa mtungi wa lita 20 unaujua uzito huo bila kuambiwa. Mchezo huu ulianzia Uskoti, na mawe ya mashindano makubwa hutokana na miamba ya Ailsa Craig, kisiwa kidogo cha huko huko.

Mwishoni mwa njia pamechorwa duara kubwa liitwalo nyumba. Kila timu ina wachezaji wanne, na kila mchezaji husukuma mawe mawili. Timu hupokezana, na mawe yote 16 yakiisha, raundi moja imekwisha. Timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha nyumba ndiyo peke yake ipatayo pointi: pointi moja kwa kila jiwe lake lililo karibu kuliko jiwe bora la wapinzani. Mashindano makubwa huwa na raundi 10.

Hapa pana jambo la kufikirisha. Timu iliyopata pointi hupoteza haki ya kusukuma jiwe la mwisho katika raundi inayofuata. Haki hiyo huenda kwa aliyekosa. Ndiyo maana wakati mwingine nahodha mjanja huamua kutochukua pointi moja leo, ili abaki na jiwe la mwisho achukue mbili kesho.

Na fagio je? Kusugua hupasha barafu joto kidogo, msuguano ukapungua, na jiwe likaenda mbali zaidi na kunyooka zaidi. Mwalimu wetu wa Fizikia atakubaliana nami. Wafagiaji hawaruhusiwi kuligusa jiwe hata kidogo. Nahodha husimama kwenye nyumba akipaza sauti, mara wafagie, mara waache. Kwa hivyo aliyesukuma jiwe hawezi kulifikisha peke yake. Kweli kidole kimoja hakivunji chawa.

2. Mashindano ya taifa ya wanawake

Wanaume wa Kanada walianza mashindano yao ya taifa mwaka wa 1927. Wanawake je? Walipata ya kwao mwaka wa 1961, mjini Ottawa. Hebu toa hesabu: ni miaka 34! Mabingwa wa kwanza walikuwa timu ya Joyce McKee kutoka jimbo la Saskatchewan. Mwaka wa 1963 ushindi ulikwenda kwa timu ya Mabel DeWare wa New Brunswick, mama ambaye baadaye alikuwa seneta wa nchi yake.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo penye somo. Katika miaka hiyo 34 wanawake hawakukaa mikono mashavuni wakingoja kombe. Walicheza katika vilabu vyao vya mitaani. Wakaunda mashindano ya majimbo. Katika miaka ya 1950 majimbo ya magharibi yalikuwa tayari na mashindano yao ya pamoja. Kombe la taifa lilipokuja liliwakuta wachezaji wako tayari.

Tena, si ati mambo yalinyooka baada ya hapo. Mdhamini wa kwanza, kampuni ya maduka ya vyakula, aliondoka baada ya mwaka wa 1967. Miaka minne ikapita bila mdhamini. Mdhamini wa pili naye akaja akaondoka, na miaka ya 1980 na 1981 ikawa mikavu tena. Lakini katika miaka hiyo yote mashindano yalifanyika! Na bingwa wa mwaka huo wa 1980, Marj Mitchell wa Saskatchewan, aliiongoza timu yake hadi ikatwaa ubingwa wa dunia, ya kwanza ya wanawake wa Kanada kufanya hivyo.

Mwaka wa 1982 kampuni inayotengeneza karatasi za shashi iliyadhamini, yakaitwa Tournament of Hearts, yaani Mashindano ya Mioyo. Colleen Jones wa Nova Scotia alishinda mwaka huo, kisha akangoja hadi 1999 ndipo akashinda tena, akaongeza na miaka minne mfululizo kuanzia 2001 hadi 2004. Subira huvuta heri, jamani! Sandra Schmirler alishinda mwaka wa 1993, 1994 na 1997. Mwaka wa 1998 alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Nagano, Japani, akiwa na mtoto mchanga nyumbani. Aliaga dunia mwaka wa 2000 kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Naye Rachel Homan alipata ushindi wake wa tano mwaka wa 2025.

3. Yatuhusu nini?

Msomaji, huenda unauliza: barafu na sisi wapi na wapi? Nitakujibu bila kuficha. Mimi ni mlinzi katika timu ya kandanda ya wasichana. Mwaka jana tulifanya mazoezi kila Alhamisi baada ya masomo, kisha tukaambiwa kwamba nauli ya kwenda mashindano ya kaunti ndogo ilitosha wavulana peke yao. Wenzangu watano waliacha kuja mazoezini. Walisema, "Tunafanya mazoezi ya kwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Leo ninalo. Simlaumu mtu, na nauli bado tunaiomba, kwa sababu ni haki yetu kama ilivyo ya wavulana. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini tukingoja nauli ndipo tucheze, siku nauli itakapokuja haitakuta timu. Kuna shule mbili za kutwa ambazo tunaweza kuzifikia kwa miguu. Tuziandikie barua wasichana wao waje tucheze Jumamosi moja, na mshindi tumpe hata fremu ya picha iliyochongwa na fundi wa mtaani. Wavulana nao waje wapige makofi.

Na wewe utakayetucheka ukituona tukikimbia, kumbuka yule mzee wa kwa kinyozi. Aliona fagio, lakini jiwe hakuliona.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini kufagia barafu hulifikisha jiwe mbali?
(b) Eleza kwa nini nahodha anaweza kukataa pointi moja.
(c) "Mashindano hufuata mchezo, wala si mchezo kufuata mashindano." Jadili ukirejelea miaka ya 1927 hadi 1961.

Kalamu naitua hapa. Alhamisi tukutane uwanjani.