Dondoo muhimu: Ufizi utokao damu

Mkazi wa Kamalondo au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, aonaye damu katika mate kila apigapo mswaki, asiuache kwa hofu, kwani damu hiyo ndiyo dalili ya awali ya maradhi ya ufizi (rangi kwetu si hoja: ufizi wa kahawia waweza kuwa mzima kabisa). Asili yake ni utando wa vijidudu, ambao usipoondolewa huganda ukawa ukoga mgumu kama chokaa, usiobanduka kwa mkaa wala chumvi, ila kwa chombo cha tabibu wa meno. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dakika 2, kwa dawa ya meno yenye floridi, ukiusugua taratibu penye mpaka wa jino na ufizi. Na tumbaku uiache. Wenye kisukari na waja wazito wazidishe hadhari. Maji vuguvugu ya chumvi hutuliza, hayaponyi.

Lakini mtoto dhaifu, hasa aliyetoka katika surua, akipatwa na kidonda cha ufizi chenye harufu mbaya na shavu likavimba, mpeleke hospitali siku ile ile: huenda ni noma, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatia mwaka 2023 katika orodha ya maradhi ya tropiki yaliyopuuzwa, na ambayo antibiotiki zikiwahi huyazuia yasile uso.