Andika saa, usiandike hasira

Ndugu akifariki wodini, tunawahi kumpeleka nyumbani kumzika. Karatasi zinabaki, au zinapotea njiani kati ya Bukoba na Kamachumu. Matanga yakishaisha ndipo mjomba anauliza, "Hivi daktari alisema nini hasa?" Hakuna anayekumbuka.

Anza siku ileile. Tunza majibu ya maabara, eksirei, risiti, kadi ya kuruhusiwa. Kwenye daftari andika saa mgonjwa alipofika, saa alipoonwa, aliyemhudumia na dawa aliyopewa.

Si kila kifo ni uzembe. Mahakama huangalia kama mtaalamu alifanya ambacho mwenzake mwangalifu angefanya, na kama kosa hilo ndilo lililoleta madhara. Lakini upo uzembe ulio wazi: Novemba 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walioitwa Emmanuel walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Basi kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, taja majina yako yote na uoneshe panapouma.

Barua ya malalamiko mpelekee mganga mfawidhi, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asipokujibu, mlalamikie daktari kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya humwadhibu mtaalamu. Fidia idai mahakamani, ndani ya miaka 3. Hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba ni ya Serikali, hivyo notisi ya siku 90 hutangulia kesi. Rubya na Ndolage, kule Muleba, ni za makanisa: wakili atafute jina kamili la wadhamini waliosajiliwa, maana ukikosea jina la mdaiwa kesi inaweza kutupwa.

Kuvujishwa kwa siri ya mgonjwa ndiko kunakoniuma zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa hapa mkoani Kagera, 1983, na tuliona watu walivyotengwa kwa neno moja tu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inataka majibu yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayotumika tangu Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Daktari akiripoti ugonjwa wa Marburg kwa mamlaka, kama ilivyokuwa Bukoba Vijijini Machi 2023, hajavunja siri. Mhudumu akirusha majibu yako kwenye kundi la WhatsApp, ameivunja. Piga picha ya skrini, namba na tarehe zionekane, kabla hajafuta.