Bohari, Masafa na Akiba ya Dawa

Zahanati yaweza kukosa dawa ilhali dawa iyo hiyo imejaa tele katika bohari ya mbali. Upungufu wa namna hii hautokani na uchache wa dawa nchini, bali hutokana na mpango mbaya wa kuziweka na kuzisafirisha. Kwa hiyo kazi hii, ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ya watunza bohari peke yao, ni somo la hesabu pia.

Mfano wa Tanzania

Katika miaka ya 1980 zahanati za Tanzania zilipelekewa makasha ya dawa yaliyofungwa tayari. Utaratibu huo ulikuwa rahisi, nao ulizifikisha dawa vijijini. Lakini haukuzingatia tofauti za mahali. Dawa moja iliweza kwisha mapema, huku nyingine ikirundikana hata muda wake ukapita. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na baadaye makasha yaliachwa hatua kwa hatua, vituo vikawa vinaagiza kwa kadiri ya matumizi yake. Bohari za kanda, kama zile za Mwanza, Mbeya na Mtwara, husogeza akiba karibu na vituo hivyo.

Kuagiza wakati gani?

Chukulia kwamba zahanati hutumia wastani wa dozi 6 za dawa ya malaria kwa siku, na mzigo hufika siku 20 baada ya kuagizwa. Mtu atakayefuata wastani tu ataagiza zinapobaki dozi 6 × 20, yaani 120. Lakini masika yakiingia, matumizi hupanda hadi dozi 9 kwa siku. Dozi 120 zitatosha siku 13 tu. Kwa wiki moja wagonjwa watarudi mikono mitupu, hata kama lori halikuchelewa.

Ikiwa lori nalo laweza kuchelewa siku 10 kwa ubovu wa barabara, hitaji kubwa kabisa ni 9 × 30, yaani dozi 270. Basi zahanati iagize zinapobaki dozi 270. Tofauti ya 270 na 120, ambayo ni 150, huitwa akiba ya tahadhari.

Akiba iwekwe wapi?

Chukulia tena kanda nne zinazolingana, kila moja ikiweka katoni 1,000 za tahadhari; jumla ni 4,000. Akiba hizo zikiunganishwa katika bohari moja, kanda moja itakapozidiwa nyingine huenda ikawa na nafuu. Kanuni ya takwimu huonyesha kwamba, iwapo mahitaji ya kanda hayategemeani, akiba hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya kanda: 1,000 × √4, yaani katoni 2,000. Nusu nzima imeokolewa. Lakini mvua ikinyesha kote kwa wakati mmoja, faida hiyo hupungua sana. Tena safari ya dawa imekuwa ndefu zaidi.

Hivyo basi, maswali mawili yaulizwe kwa kila dawa: mahitaji yake hubadilika kiasi gani, na mgonjwa aweza kungoja muda gani? Dawa ya gharama kubwa, itumikayo kwa nadra na isiyo ya dharura, yafaa ikae katika bohari kuu. Dawa ya sumu ya nyoka pia hutumika mara chache, lakini aliyeumwa hawezi kungoja lori. Hiyo isogezwe karibu naye. Na popote itakapowekwa, itakayokwisha muda mapema ndiyo itoke kwanza.

Zoezi

Zahanati hutumia wastani wa dozi 4 kwa siku, na wakati mwingine 7. Mzigo hufika baada ya siku 15, au 25 ukichelewa. Tafuta akiba ya tahadhari, kisha eleza nani ataumia ikiwa leja ya bohari haikujazwa kwa mwezi mzima.