Ukitaka kuijua shule ya kijijini, nenda Septemba

Tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ufanywe kwa mara ya mwisho mwaka 2023, wazazi wengi wa Ukambani tumebaki bila kipimo. Zamani uliuliza shule imepata wastani wa ngapi kati ya alama 500, ukalinganisha na ya jirani, ukamaliza.

Tulipohama kutoka Wote, Makueni, kuja upande wa Mutomo, Kitui, shule za umma tulizoweza kuchagua zilikuwa mbili. Moja iko karibu na lami, ina wanafunzi wengi na rangi mpya ukutani. Nyingine ni ndogo, imejificha ndani vichakani.

Mimi huanza na maji. Januari kila shule hupendeza, maana matangi yamepata mvua ya Novemba na Desemba. Nenda Septemba, muhula wa tatu, kiangazi kikiwa kimekaza. Gonga tangi usikie maji yamefika wapi. Simama langoni asubuhi uone kama watoto wanaingia na vidumu vya maji mkononi. Wakiwa navyo, jua mpishi anavisubiri. Maji yasipotosha, hakuna chakula, si isyo si muthokoi, na wadogo hurudishwa nyumbani na njaa. Uliza pia maji yanatoka wapi. Shule yenye bwawa la mchanga karibu si sawa na inayotegemea punda wa kukodi, kwa sababu huyo punda analipwa na wewe mzazi.

Halafu walimu. Jumla yao haikuambii kitu. Uliza wangapi ni wa TSC, yaani wameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na wangapi wanalipwa na bodi ya shule. Wa bodi wanategemea michango yetu, na michango ikikwama mwalimu huondoka katikati ya muhula. Hapa shule ndogo huumia zaidi: serikali hutenga shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na mara nyingi hizo huchelewa. Watoto 150 ni shilingi 213,000, basi, na paa linalovuja halipunguzi bei kwa sababu watoto ni wachache.

Mwombe mwalimu mkuu ruhusa uketi kidogo nyuma ya darasa la Gredi 1. Sera inataka watoto wa Gredi 1 hadi 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mwalimu anayeeleza kutoa na kujumlisha kwa Kikamba mpaka mtoto akaelewa, namthamini kuliko anayewakaririsha Kiingereza. (Najua wapo watakaonikasirikia kwa hili.)

Sisi tulichagua ile ndogo. Septemba tangi lake lilikuwa bado na maji, na mwalimu wa Gredi 1 ni wa TSC. Sekondari msingi ni habari nyingine: walimu wake ni haba, kwa hiyo mtoto akikaribia Gredi 7 tutaangalia upya.

Nawe ukishaamua, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Utaulizwa hicho kwanza.