Umande Ndani ya Kamera: Tutunze Chombo cha Ibada

Somo: Waamuzi 6:36–40



Gideoni alikuta ngozi imelowa umande huku ardhi yote ikiwa kavu. Usiku uliofuata ikawa kinyume. Kwake ilikuwa ishara kutoka kwa Mungu. Kwetu hapa Port Botany, umande ndani ya kamera ni ishara kwamba hatukuwa waangalifu. Siku ya ubatizo pale Yarra Bay tulitoa kamera kwenye gari lenye kiyoyozi, tukaanza kurekodi papo hapo, na picha ikatoka nyeupe kama maziwa. Bibi mmoja aliyelazwa hospitalini alisubiri kumwona mjukuu wake akizamishwa. Hakumwona. Tumemwomba radhi, na sasa tujifunze.

Kwa nini hutokea

Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Ikigusa kitu baridi, mvuke hugeuka matone. Sisi tunaovaa barakoa na miwani kazini tunalijua hilo. Siku yenye nyuzi joto 25 na unyevu wa asilimia 70, kitu chochote chenye joto chini ya nyuzi 19 hivi kitatoka jasho. Wakati wa baridi ni vilevile: kamera iliyolala stoo huingizwa ghafla ukumbini, ambako watu wengi wanaimba na kupumua.

Tufanye nini

1. Kabla ya kutoka penye baridi kwenda penye joto, tuifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Matone yatashika nje ya mfuko. Tusiufungue mpaka kamera ipate joto la mahali pale. Mara nyingi nusu saa hadi saa moja hutosha. Basi mpiga picha afike mapema.

2. Ikishaingia ukungu, tuizime, tutoe betri na kadi, tuiache mahali pakavu. Tusiipulizie mashine ya kukaushia nywele, wala tusiifukie kwenye mchele, maana mchele una vumbi.

3. Wenye kamera za zamani za kanda, mkiona alama ya umande, msilazimishe. Kanda yenye unyevu hunata kwenye kichwa kinachozunguka na inaweza kuharibika, pamoja na harusi iliyomo.

4. Tuihifadhi kwenye kasha linalobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Watoto wasivichezee. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 unafaa. Ukizidi 60 kwa muda mrefu, kuvu huweza kuota kwenye lenzi na kuacha alama zisizofutika.

5. Tukitoka ufukweni, tufute mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Chumvi ya bahari hula chuma na huvuta unyevu.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Ni nani katika familia yetu anaitegemea video ya ibada, hapa au kule nyumbani?
- Ni chombo gani cha kanisa tunakitumia bila kujua nani anakitunza?
- Luka 16:10 inatufundisha nini kuhusu kazi ndogo zisizoonekana?

Tuombe: Bwana, tufanye waaminifu katika madogo, ili aliye kitandani naye aone na kushangilia pamoja nasi. Amina.