Kabla Tope Halijakauka: Kukipokea Kiangazi Garsen na Tana River

Upepo wa kaskazi huingia Disemba, vuli ikimalizika. Kuanzia Januari mpaka masika yashike, mwishoni mwa Machi au Aprili, joto la mchana Garsen, Hola na Bura hupita nyuzi 35 na hakuna anayeshangaa. Watu wengi huanza kujiandaa Februari, mitungi ikishakauka, na hapo kila kitu kimeshapanda bei, maji yakiwa ya kwanza. Ukitaka kukipita kiangazi bila kuhangaika, na hata kukifurahia, anza Novemba, tope likiwa bado mlangoni.

Utajuaje kiangazi cha mwaka huu kitakuwa cha namna gani? Usikisie kwa kutazama mawingu tu. Mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, inayojulikana zaidi kwa herufi zake NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi ya Kaunti ya Tana River. Taarifa hiyo hutaja kaunti iko hatua gani: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kupona. Ukisikia "tahadhari", maana yake dalili za ukame zimeanza kuonekana ingawa maisha bado yanaendelea, na huo ndio wakati wa kuuza mbuzi wawili watatu wangali na nyama mwilini. Ukingoja "dharura", utauza mifupa. Taarifa hailipiwi. Mwulize chifu barazani, au mtu wako anayefika Hola apite ofisi zao. Idara ya Hali ya Hewa nayo hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla ya misimu hiyo kuanza, na redio huusoma.

Sasa maji. Nyumba inahitaji kiasi gani? Mashirika ya misaada hukadiria lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika na kujisafisha. Familia ya watu sita basi inataka lita 90, yaani mitungi minne na nusu ya lita 20, kila siku. Zidisha bei ya mtungi mmoja mtaani kwako mara nne na nusu, kisha mara 30, uone mwezi mmoja utakugharimu nini. Ukishaiona hesabu hiyo, hutaona uchungu kununua mfereji wa bati wa kukingia mvua.

Kukinga mvua ni kazi rahisi kuliko inavyosemwa. Kila milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mabati yenye paa la mita 6 kwa 5 ina mita 30 za mraba. Mvua moja nzuri ya vuli, ya milimita 20, huangusha lita 600 juu yake. Toa zinazoruka na kumwagika, bado unabaki na karibu lita 500. Huna pesa ya tangi? Anza na mfereji wa upande mmoja wa paa na pipa moja lenye kifuniko. Mvua ya kwanza iache ipite, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Majirani watatu wakichanga wanunue tangi moja kubwa, kila mmoja hulipa kidogo. Kinachowashinda wengi ni kukubaliana ufunguo wa bomba atakaa nao nani.

Maji ya mto yanahitaji subira. Teka maji ya Tana alasiri, uyaache kwenye ndoo yenye kifuniko usiku kucha bila kuyagusa. Asubuhi utakuta juu ni meupe, na chini kumelala udongo mwekundu mwororo, pengine unene wa kidole. Mimina taratibu ukipitisha kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, na usimame kabla udongo haujaanza kupanda. Ndipo utie dawa ya maji, yaani klorini, inayouzwa madukani kwa chupa au vidonge. Kipimo kimeandikwa kwenye chupa. Kifuate, kisha ungoje dakika 30 kabla ya kunywa. Ukitia dawa kwenye maji yenye tope, nguvu yake inaishia kwenye tope. Kuchemsha pia kunafaa, ila kuni au makaa ni gharama. Ukishayasafisha, yaweke kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, au chenye bomba, ili watoto wasichovye vikombe.

Wanaoishi kuelekea mdomo wa mto, Ozi na Kipini, wana shida nyingine. Mto ukipungua, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini. Teka bahari ikiwa imekupwa, na uonje kabla ya kujaza mitungi yote.

Na mamba je? Kiangazi mto unapopungua, watu, ng'ombe na mamba hukutana kwenye vidimbwi vilevile. Usiteke alfajiri wala magharibi, usimtume mtoto peke yake, na usiingie majini kujaza. Funga ndoo kwenye kamba au ufito mrefu, usimame juu ya ukingo. Vijiji vingine hupiga uzio wa magogo na matawi ya miiba mahali pa kutekea. Ni kazi ya asubuhi moja kwa vijana kumi, haigharimu chochote zaidi ya jasho na sufuria ya ugali. Mamba akizoea mahali, ripotini kwa chifu na kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, kabla hajamdhuru mtu.

Kuna jambo moja la maji ambalo halinunuliwi dukani. Ng'ombe wa Waorma na Wawardei hushuka kwenye delta kiangazi kutafuta malisho na maji, na hupita kwenye malka, yaani njia za mifugo kuelekea mtoni, katikati ya mashamba ya Wapokomo. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika Delta ya Tana kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji. Siasa za uchaguzi zilitajwa, na maji, malisho na ardhi pia. Kwa maoni yangu, kikao cha wazee wa pande zote mbili mwezi wa Novemba, cha kutaja malka zipi ziko wazi, saa ngapi ng'ombe wanywe, na shamba likiliwa nani alipwe na nani, ni maandalizi makubwa kuliko tangi lolote. Kama wewe ni mkulima na shamba lako limeingia ndani ya malka, bomoa ua wake mapema, kabla kundi halijafika.

Turudi nyumbani. Nyumba ya mabati saa nane mchana haikaliki. Nyumba ya makuti au nyasi hukalika. Kama tayari umeezeka mabati, usiyang'oe. Tandika mikeka ya zamani au mifuko ya sisali chini ya mabati, ukiacha nafasi ya upepo katikati, na uache matundu juu ya kuta pande mbili ili hewa ya moto itoke. Rangi nyeupe juu ya bati nayo hupunguza joto. Madirisha yafunge mchana jua likiwa kali, uyafungue jioni. Kivuli cha mwarobaini upande wa magharibi ndicho dawa ya kudumu, lakini mche hupandwa masika, kwa hiyo huo ni wa viangazi vijavyo. Maji ya kunywa yaweke kwenye mtungi wa udongo mahali penye upepo. Mtungi hutoa jasho, jasho likikauka linaondoka na joto, na upepo mkavu wa kaskazi ndio unaoufanya ufanye kazi vizuri zaidi. Haudai stima.

Halafu igeuze siku. Shambani nenda saa kumi na moja na nusu alfajiri, umalize saa nne. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa ni kivuli, usingizi, kusuka mikeka, kutengeneza nyavu. Saa kumi toka tena. Kuna wanaouita huo uvivu; hao hawajawahi kupalilia Januari. Wanaobeba mizigo na waendesha bodaboda wafunike kichwa kwa kitambaa chepesi cha rangi hafifu na wavae mikono mirefu.

Unywe maji kiasi gani? Mtu mzima anayefanya kazi juani hufika lita tatu na zaidi kwa siku. Usingoje kiu. Angalia mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea na kidogo, umechelewa. Mtoto wa chini ya miezi sita haongezewi maji. Ananyonyeshwa mara nyingi zaidi, na mama ndiye anayekunywa. Wazee nao huwa hawahisi kiu upesi, kwa hiyo mpelekee bibi kikombe mkononi, usimwulize kama anataka.

Joto likimzidi mtu, huanza na kizunguzungu, kichwa kuuma, jasho jingi na misuli kukaza. Mweke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo yenye sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Maji hayohayo ni ya mtoto anayeharisha. Lakini mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, ngozi ikiwa moto sana, au akizimia, hapo ni hatari ya maisha. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mkimbize hospitali, na usimtie kitu mdomoni akiwa hajitambui. Namba 1199 ni ya dharura ya Msalaba Mwekundu.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya joto lenyewe. Usijaze tumbo maji wakati wa futari kisha usahau. Kunywa kidogo kidogo mpaka daku. Punguza chai na kahawa usiku, na nyama zenye chumvi nyingi. Mwenye kisukari au presha amwone daktari wiki kadhaa kabla, apangiwe dawa zake.

Kuhusu hospitali: jisajili kwenye mamlaka ya afya ya jamii, SHA, kabla hujaugua. Piga *147# kwenye simu yako ukiwa na kitambulisho, kujisajili hakulipiwi. Zahanati na vituo vya afya vya umma, yaani ngazi ya 2 na ya 3, humhudumia aliyesajiliwa bila malipo. Kulazwa hospitali kubwa, kama ya Hola, kunataka uwe umelipa mchango, ambao ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba na haupungui shilingi 300 kwa mwezi.

Tumemaliza ya kuchosha. Sasa maembe.

Msimu mkubwa huja kati ya Novemba na Februari, na Ngao, Tarasaa na vijiji vya kandokando ya mto hulemewa na ngowe kiasi kwamba madalali hutaja bei ya kudhalilisha. Usiyaachie yaoze chini ya mti. Chagua yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, yaoshe, yamenye, yakate vipande vya nusu sentimita. Vitandaze kwenye chandarua safi kilichowambwa juu ya vijiti, uvifunike na kingine nzi wasiguse, uviingize ndani usiku. Jua la kaskazi huvikausha kwa siku mbili tatu. Viko tayari kipande kikipinda bila kuvunjika wala kunata. Weka kwenye mkebe wenye kifuniko cha kubana. Mwezi wa Julai watoto watakushukuru. Na maembe mabichi, ya kutengenezea achari, yasikusahaulishe ukwaju: konzi moja kwenye lita ya maji usiku kucha, chuja asubuhi, sukari kidogo, mtungini.

Jioni toeni mkeka nje. Simika vijiti vinne, tundika neti juu yake, chomeka pembeni chini ya mkeka, na mlale mnahesabu nyota bila kuliwa na mbu wa delta. Kung'uteni mkeka na viatu kabla ya kuvitumia; nge hupenda sehemu kavu zenye kivuli. Aliyeumwa na nyoka apelekwe hospitali moja kwa moja, asichanjwe wala kufungwa kamba.

Kiangazi pia ndio wakati wa kutembea, kwa kuwa barabara ya vumbi hupitika. Delta yetu imeorodheshwa tangu 2012 kati ya maeneo ya maji yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, na miezi hii ndege waliokimbia baridi ya Ulaya wamejaa kwenye mabwawa. Wapeleke watoto Ziwa Shakababo alfajiri. Mvuvi mwenye mtumbwi atawazungusha kwa bei mtakayoelewana, na mwelewane kabla hamjapanda. Ukienda Kipini kupitia Witu, nenda na siku nzima: kuna bahari, madafu, na si mbali na hapo magofu ya Ungwana. Ogeleeni mbali na mdomo wa mto, kwa sababu ya mamba na mkondo.

Ikifika katikati ya Machi, masika yakikaribia na pengine mafuriko nayo, safisha mfereji wa paa na uoshe tangi. Vitambulisho, vyeti vya watoto na kadi za kliniki vitie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga. Mto ulifurika vibaya 2018, tena mwishoni mwa 2023 na tena 2024, na walioko bondeni waelewane sasa na ndugu zao wa sehemu zilizoinuka wapi watahamia, na mbuzi watalala wapi.